Gesi Isiyoliwa na Gari

Kiyoyozi cha gari kinapoanza kupuliza upepo wa vuguvugu katika miji ya joto kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, neno la kwanza linalosemwa gereji ni kwamba gesi imeisha, na dawa inayotolewa ni kuongeza gesi, kana kwamba gesi hiyo ni mafuta yanayochomwa kadiri gari linavyotembea. Usemi huo umezoeleka kiasi kwamba wenye magari wengi huitengea gesi fungu lake la kila mwaka pamoja na oili, matairi na bima, wakalipa, wakapata baridi ya miezi kadhaa, kisha wakarudi tena joto la Desemba linapowazidi, bila kuuliza gesi ya mwaka uliopita ilikwenda wapi. Swali hilo linastahili kuulizwa, kwa kuwa gesi ya kiyoyozi haichomwi, hailiwi na injini wala haichakai kwa matumizi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke mara zisizo na idadi, na ukiacha gramu chache zinazopenya polepole kwenye hozi na mipira ya maungio, kiasi kilichotiwa kiwandani chaweza kulihudumia gari kwa miaka mingi. Ikipungua kwa mwaka mmoja hadi baridi ikakatika, basi mahali fulani pamevuja.

Fundi mwangalifu wa viyoyozi, yule aliyeijua kazi kwa kushika tochi na kuwapokeza wakubwa wake spana kabla ya kumiliki geji zake mwenyewe, humwambia mteja hayo kabla hajafungua boneti, na mara nyingi maneno yake huanguka chini. Mteja ana haraka, jua ni kali, watoto wanalia kwenye kiti cha nyuma, na gereji ya jirani iko tayari kutia gesi kwa nusu saa na kwa bei ndogo. Fundi huyo ndiye anayesikika zaidi katika makala haya, kwa sababu anayoyajua kwa mikono yake ni yale ambayo vitabu huyaeleza kwa michoro, na kwa sababu yeye ndiye anayevuta hewa ile ile ambamo gesi humwagwa.

Namna baridi inavyopatikana si ngeni kwa nyumba yoyote iliyowahi kuwa na mtungi wa udongo. Maji hupenya vinyweleo vya udongo, hufika juu ya ngozi ya mtungi na kugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la maji yaliyobaki ndani, ndiyo maana mtungi uliowekwa penye upepo hupoza kuliko uliosukumwa kwenye kona isiyopita hewa. Joto linalomezwa na kimiminika wakati kinageuka mvuke, ambalo kipimajoto hakilioni kwa kuwa nyuzi hazipandi wala hazishuki, huitwa joto fiche, na ndilo linalobeba kazi yote ya kiyoyozi. Tofauti iko kwenye kimiminika chenyewe: maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, ilhali gesi iliyomo katika magari mengi ya Afrika Mashariki, iitwayo R-134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa hakuna kinachoibana zaidi ya hewa ya kawaida. Mkazo ukiongezwa, kiwango cha kuchemka hupanda, na mkazo ukipungua hushuka, kama wanavyojua wapishi wa milimani ambako maji huchemka mapema na maharage yakakataa kuiva. Hivyo anayeutawala mkazo ndani ya bomba huamua pia mahali ambapo gesi itachemka na kumeza joto, na mahali ambapo itarudi kuwa kimiminika na kulitoa.

Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huvuta mvuke wenye mkazo mdogo na kuubana hadi ukawa wa moto sana; kondensa, ile rejeta nyembamba inayokaa mbele ya rejeta ya maji, hulitoa joto hilo nje kwa msaada wa feni, na mvuke ukageuka kimiminika kikiwa bado na mkazo mkubwa; kimiminika hupita kwenye kikausho chenye chembe za kunyonya unyevu, kisha hufika kwenye vali ya upanuzi, yaani tundu jembamba ambalo mbele yake mkazo hushuka ghafla, na hapo gesi huanza kuchemka kwa baridi ndani ya evaporeta, ambayo mafundi wengi huiita kuling koili, iliyojificha nyuma ya dashibodi. Feni ya ndani huipitisha hewa ya abiria kwenye mapezi ya koili hiyo, joto la hewa likamezwa na gesi, na mvuke ukarudi kwa kompresa kuanza upya. Joto la ndani ya gari, kwa hiyo, haliuawi. Huchukuliwa na kwenda kutupwa barabarani, na gesi ndiye mchukuzi.

Fundi huusoma mzunguko huo kwa viganja. Injini ikiunguruma na klachi ya sumaku ya kompresa ikiwa imeshika kwa ule mlio wake mkavu, hulishika bomba nene linalorudi kutoka kwenye koili, ambalo kwa kiyoyozi kizima huwa baridi na limelowa jasho kama chupa ya soda iliyotolewa sasa hivi kwenye friji, kisha huligusa kwa tahadhari bomba jembamba linalotoka kwenye kondensa, ambalo huwa la moto. Bomba nene likiwa kavu na la vuguvugu, na jembamba nalo likakosa joto lake, hushuku kwamba gesi imepungua. Bomba jembamba likichoma kupita kawaida, hutazama kwanza kama feni inazunguka na kama kondensa haijaziba kwa vumbi na mbawa za wadudu, kwa sababu gari la namna hiyo likiongezwa gesi litazidi kuumia. Maji yanayodondoka chini ya gari lililoegeshwa, ambayo wenye magari huyakimbilia kwa hofu wakidhani kitu kimepasuka, humpa fundi moyo, maana ni unyevu wa hewa ya pwani uliogeuka matone juu ya koili na kushuka kwenye mpira wake, na dalili kwamba ndani kuna baridi ya kutosha.

Baada ya kiganja huja geji, na hapa ndipo lilipo jambo ambalo, likishafahamika, haliachi kumsumbua mtu. Geji za kiyoyozi ni mbili zilizokaa juu ya kipande kimoja cha chuma, ya bluu ikipima upande wa mkazo mdogo na nyekundu ikipima upande wa mkazo mkubwa, na chini yake zinaning'inia hozi tatu, moja ya bluu, moja nyekundu, na ya katikati yenye rangi ya manjano inayounganishwa na mtungi au na pampu. Injini ikizimwa na gari likaachwa kivulini hadi joto la mabomba likalingana na la hewa, mishale ya geji zote mbili husimama mahali pamoja, na mahali hapo hapapangwi na wingi wa gesi bali na joto la siku. Kwenye nyuzi 30, R-134a husimama karibu na paundi 97 kwa kila inchi ya mraba. Itasimama hapo zikiwamo gramu 600, itasimama hapo zikiwamo gramu 300, na haitashuka mradi ndani kumebaki kimiminika hata kidogo, kwa kuwa kimiminika na mvuke wake vikikaa pamoja katika chombo kilichofungwa, mkazo hufuata joto peke yake.

Mtungi wa gesi ya kupikia hutenda vivyo hivyo kila siku jikoni, ingawa si wengi wanaoutazama kwa jicho hilo. Moto wa siku ya kwanza na moto wa siku ya ishirini hulingana, kisha siku moja, wali ukiwa haujakauka, moto hufifia na kuzimika. Anayetaka kujua mapema kilichobaki haangalii moto, huunyanyua mtungi kwa mkono na kuupima uzito. Mtu wa jikoni amelijua hilo bila kufundishwa na yeyote. Katika gereji nyingi, kwa upande mwingine, kazi nzima ya kutia gesi huendeshwa kwa mshale wa geji na kwa kuweka mkono kwenye tundu la upepo la dashibodi, na mizani haionekani kabisa.

Ni kweli kwamba injini ikiwashwa mishale hutengana na kuanza kusema mengi zaidi. Paundi 28 au karibu na hapo kwenye geji ya bluu humaanisha kwamba gesi ndani ya koili inachemka kwenye nyuzi sifuri, na paundi 230 kwenye nyekundu humaanisha kwamba ndani ya kondensa inageuka kimiminika kwenye nyuzi 60 hivi, jambo la kawaida kwa gari lililosimama juani. Lakini mishale hiyo husogezwa pia na mwendo wa injini, na unyevu wa siku, na feni iliyochoka, na vali iliyoganda, na hewa iliyoingia ndani ya mfumo kwa uzembe wa kazi iliyopita, hivyo kwamba magari mawili yenye geji zinazolingana yanaweza kuwa na magonjwa mawili yasiyofanana. Fundi mwangalifu huyachukua maneno ya geji kama ushahidi wa shahidi mmoja, na hutafuta wa pili kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti, ambacho katika magari yaliyotoka Japani huwa na maandishi ya Kijapani, ingawa jina la gesi na tarakimu za gramu husomeka kwa yeyote. Kwa magari mengi madogo tarakimu hizo huwa kati ya gramu 400 na 600. Anayeongeza gramu 100 kwa kukisia, basi, amekosea kwa sehemu ya sita au zaidi ya mzigo wote, na kosa hilo lina matokeo: gesi ikizidi, kimiminika huijaza kondensa hadi ikakosa nafasi ya kutoa joto, mkazo ukapanda, baridi ikapungua badala ya kuongezeka, na kompresa, ambayo imeumbwa kubana mvuke na haiwezi kubana kimiminika, ikavunjika ndani kwa ndani. Gesi ikipungua hatari ni ya kimya zaidi, kwa sababu oili inayolainisha kompresa haina pampu yake wala njia yake. Husafiri pamoja na gesi, ikivuja nayo inapovuja, na ikikawia kurudi gesi inapokuwa chache.

Magari huwekewa swichi ya kuzima kompresa mkazo unaposhuka mno, na swichi hiyo ndiyo inayoiokoa. Kuna wanaoipita kwa kipande cha waya ili klachi ishike kwa lazima, mteja akasikia mlio aliouzoea na kulipa. Fundi wa makala haya huitaja kazi hiyo kwa masikitiko kuliko kwa hasira, kwa kuwa kompresa iliyofanyiwa hivyo huja kufia mikononi mwa fundi mwingine, ikiwa imesambaza vumbi la chuma katika kila bomba.

Kwa kuwa hakuna anayeweza kujua kwa geji ni gramu ngapi zimebaki, njia ya haki ni moja: kuitoa gesi yote, kuziba panapovuja, kuufanya mfumo uwe mkavu na mtupu, kisha kutia kwa mizani kiasi kilichoandikwa. Kutafuta panapovuja huchukua subira. Oili inayotoka na gesi huacha doa lililoshika vumbi kwenye maungio, na doa hilo huonekana kwa tochi kabla ya chombo chochote cha umeme. Povu la sabuni likipakwa juu yake huvimba vipovu. Rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno hufichua mitiririko iliyo midogo mno. Wakosaji wanaojulikana ni oringi, yaani mipira ya duara iliyo kwenye maungio, ambayo hukauka na kupasuka, kondensa inayopigwa na kokoto za barabarani, muhuri wa shafti ya kompresa, na koili ya nyuma ya dashibodi, ambayo kuifikia ni kulivunja gari nusu. Muhuri wa shafti hudhurika hata kwa kutotumika, kwa sababu hulainishwa na oili inayozunguka na gesi. Ndiyo sababu mwenye gari wa Mbeya au Njombe hushauriwa kuwasha kiyoyozi dakika chache kila wiki hata katika baridi ya Juni.

Kisha huja pampu ya ombwe, ambayo gereji huiita vakyumu, na kazi yake hudharauliwa kwa kuwa haionekani. Pampu hiyo hufyonza hewa kutoka katika mabomba hadi mkazo ukawa mdogo mno, na katika mkazo huo maji yaliyojificha ndani huchemka kwa joto la kawaida la siku na kutoka yakiwa mvuke. Yakibaki huungana na gesi na oili kutengeneza asidi inayoila aluminiamu taratibu, au huganda barafu kwenye tundu la vali ya upanuzi, baridi ikawa inakuja na kukatika. Nusu saa ya pampu ni kiwango cha chini, na katika hewa yenye unyevu mwingi kama ya pwani saa nzima si kupoteza muda, kisha mshale huachwa umetulia kwa dakika kadhaa ili kuona kama utapanda, maana ukipanda ombwe limeingiliwa na bado kuna tundu.

Yote hayo humtaka fundi awe na pampu, mizani, na mashine ya kunyonya gesi iliyomo na kuihifadhi katika mtungi. Pampu wengi wanayo, na mizani inanunulika. Mashine ya kunyonya ndiyo inayokosekana, na pengo lake hujazwa na bisibisi. Kifuniko cha plastiki cha vali hufunguliwa, pini ya katikati hubonyezwa, na gesi hutoka kwa mlio mrefu wa shiii, ukungu mweupe ukaruka na kutawanyika, mdomo wa vali ukavaa utando wa barafu katikati ya joto la mchana, matone ya oili yakamwagika juu ya bomba. Mlio hupungua, hugeuka mpumuo, hunyamaza. Hakuna harufu, hakuna rangi inayobaki, hakuna anayekohoa. Huenda ndiyo maana jambo hilo limekuwa jepesi kiasi hiki.

Wepesi huo una historia yake. Gesi za kwanza za majokofu, kama amonia na dioksidi ya salfa, zilikuwa sumu, na mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya General Motors nchini Marekani, walipata jamii ya gesi isiyowaka wala kudhuru pumzi, ambayo mwaka 1930 Midgley aliionyesha hadharani kwa kuivuta kifuani na kuitumia kuzima mshumaa. Mojawapo, R-12, ndiyo iliyoingia katika viyoyozi vya magari tangu Packard ilipoanza kuviuza mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba klorini ya gesi hizo hupanda hadi kwenye tabaka la ozoni na kulibomoa. Mwaka 1985 ukatangazwa upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika, na mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal. R-134a, isiyo na klorini, ilichukua nafasi ya R-12 katika miaka ya 1990. Ozoni ikaanza kupona; joto la dunia halikupona. Kwa kipimo kilichowekwa katika Mkataba wa Montreal wenyewe, kilo moja ya R-134a hupasha dunia joto, katika muda wa miaka 100, kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi.

Tarakimu hiyo ikishushwa hadi chini ya boneti huwa na uzito mwingine. Gari lenye gramu 600 likimwagwa kwa bisibisi, kilichotoka ni sawa na kilo 858 za kaboni dioksidi, na kwa kuwa lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kilo 2.3 hivi, mlio ule wa muda mfupi unalingana na moshi wa zaidi ya lita 370 za petroli, yaani matangi saba ya lita 50 na ziada. Kopo dogo la gramu 340 linalouzwa kwa ajili ya kuongezea, likitiwa katika gari linalovuja, hufanya hivyo hivyo polepole, kilo 486 kwa kopo, kila mwaka, bila hata mlio.

Ndiyo maana jina la mji wa Afrika Mashariki limeandikwa katika sheria ya gesi hizi. Asubuhi ya tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya majadiliano ya usiku kucha mjini Kigali, nchi wanachama wa Mkataba wa Montreal zilikubaliana kuurekebisha ili kupunguza gesi za kundi la R-134a, na marekebisho hayo yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Nchi nyingi zinazoendelea, za Afrika Mashariki zikiwamo, zilipangiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, na kufika upungufu wa asilimia 80 mwaka 2045. Mapatano hayo yanahesabu gesi inayotengenezwa na inayoingizwa nchini. Ile ambayo tayari imo katika mamilioni ya magari yanayozeeka, na ambayo siku gari linapokatwa kuwa chuma chakavu hutoka kwa shoka moja, nani anaihesabu?

Fundi, hata hivyo, huishi na hatari za karibu zaidi kuliko mwaka 2045. Gesi iliyo kimiminika ikirukia ngozi huchemka papo hapo kwa joto la mwili, na kuchemka huko kwa nyuzi 26 chini ya sifuri hugandisha nyama kama moto unavyoichoma; ikirukia jicho inaweza kulipofusha. Miwani ya kufunika macho na glavu havina mbadala hapa, na aliyepatwa husuuzwa kwa maji mengi ya vuguvugu, bila kusuguliwa, na mwenye jicho lililorukiwa hupelekwa hospitali hata akisema haoni maumivu. Mvuke wa gesi ni mzito karibu mara tatu na nusu kuliko hewa, hivyo hushuka na kutuama katika shimo la gereji kama maji katika kisima, ukaisukuma hewa nje, na aliyelala chini ya gari akaishiwa oksijeni bila kunusa chochote. Ukikutana na moto wa kuchomelea, au chuma chekundu, au hata sigara iliyo mdomoni, huvunjika na kutoa floridi ya hidrojeni, hewa yenye ukali unaokata pua, ambayo madhara yake kwenye mapafu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kwa sababu hiyo bomba halichomelewi kabla ya kutolewa gesi yote na eneo kupata upepo.

Kuna makosa mawili ambayo fundi wa makala haya huyarudia kwa wanagenzi wake zaidi ya mengine yote. La kwanza ni kuifungua koki nyekundu ya geji wakati gesi inatiwa na injini inaunguruma: mkazo wa kompresa hurudi nyuma kwa kasi na kuingia katika kopo lisiloumbwa kuuhimili, na kopo hupasuka mkononi. Gesi huingizwa kwa upande wa bluu peke yake, kopo likiwa wima ili utoke mvuke, na kama limepoa mno na kuwa zito kutoa, huwekwa katika maji ya vuguvugu, kamwe si juu ya moto. La pili ni kupima uvujaji kwa oksijeni ya kuchomelea, kwa kuwa mtungi wake uko karibu na una mkazo wa kutosha. Oksijeni yenye mkazo ikikutana na oili hulipuka bila kiberiti. Kwa kazi hiyo hutumika naitrojeni kavu yenye kidhibiti cha mkazo, na upepo wa kujazia matairi nao haufai, kwa kuwa huleta unyevu, na ukichanganyika na R-134a chini ya mkazo mchanganyiko huo unaweza kuwaka.

Wasiwasi mkubwa zaidi ni wa kilichomo ndani ya mtungi wenyewe. Sokoni kuna michanganyiko ya propani na isobutani inayouzwa kama mbadala wa R-134a, ambayo hupoza vizuri kweli, lakini ni jamaa wa gesi ya kupikia, na ikivuja kutoka kwenye koili ya dashibodi hujaa ndani ya gari lililofungwa ikisubiri cheche. Kuna pia gesi bandia yenye kloridi ya methili, iitwayo R-40, ambayo huungana na aluminiamu kutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa; mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyotiliwa gesi chafu nchini Vietnam yalilipuka na kuua watu. Rangi ya samawati ya mtungi na chapa iliyoandikwa vizuri havithibitishi chochote, na chombo cha kutambua gesi kina bei ambayo fundi wa kawaida haifikii. Je, ni haki kumwachia yeye peke yake mzigo wa kujua?

Na gesi nyingine imeshafika mlangoni. Ulaya iliipiga marufuku R-134a katika magari yote mapya tangu 2017, na watengenezaji wa Japani nao wamehamia R-1234yf, ambayo uwezo wake wa kupasha dunia joto hauzidi mara nne ya kaboni dioksidi, ila inawaka kidogo, ina bei kubwa, na inapovunjika angani hutoa asidi ya trifluoroasetiki inayoshuka na mvua na kukaa majini bila kuoza, jambo ambalo wanasayansi hawajalimaliza. Magari hayo yanazeeka huko na kuja huku. Vali zake zimetengenezwa kwa umbo la pekee ili gesi mbili zisichanganywe, na adapta za kulishinda umbo hilo zipo. Mwenye gari atakayeambiwa bei ya gesi mpya, kisha akaambiwa kwamba ile ya zamani inaingia na inapoza, atachagua nini, na gari la nne au la tano litakalonyonywa baada yake litakuwa na gesi gani ndani?

Katika gereji chache zilizonunua mashine ya kunyonya, kuna mtungi wa kijivu wenye kichwa cha manjano, rangi zinazoonyesha kwamba gesi iliyomo imetoka kwenye magari na haijasafishwa. Fundi huupima kwenye mizani ile ile na huacha kuujaza ukifika asilimia 80, kwa kuwa kimiminika hupanuka kwa joto na chuma kikakosa nafasi ya kukipa. Safi iliyotambulika huirudisha katika gari ilikotoka. Iliyochanganyika huiandikia neno moja kwa kalamu nyeusi, chafu, huifunga koki, huuweka mtungi kivulini mbali na chaja ya betri na mashine ya kuchomelea, na kila aingiapo mgeni kutoka ofisi inayohusika na mambo haya humuuliza mtungi huo aupeleke wapi.